Alama za AP kwenye maombi ya chuo Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Fomu ya Common App, ile ya pamoja ya kuombea vyuo vingi, hufunguliwa tarehe 1 Agosti, na kuanzia wiki hiyo simu yangu haipoi. Hapa Texas nimekuwa nikiwasaidia vijana wa familia zetu kujaza maombi ya chuo: Wakongo kwa wingi, pia Warundi, Wakenya na Watanzania. Tunakutana Jumamosi mchana maktabani, kompyuta mbili na chaja moja ya kugombania. Maswali ya AP, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa hai skuli na mitihani yake, ni yaleyale kila mwaka, kwa hiyo nimeyaandika hapa kama yanavyoulizwa.

Jambo moja kwanza, maana ndilo linalozaa hofu nyingi. Kuna kukitajia chuo alama zako wakati wa kuomba, na kuna kuliagiza shirika la College Board, lenye mitihani hiyo, likipelekee chuo alama hizo. La kwanza mwanafunzi analifanya mwenyewe kwa kuandika kwenye fomu, wala halina ada. La pili linalipiwa, na kwa vyuo vingi linasubiri mpaka umeshapokelewa. Humu nitaliita la kwanza "kujaza mwenyewe" na la pili "kutuma rasmi". Anayeyachanganya hupoteza pesa, au hupoteza usingizi, au vyote viwili.

Hii AP ni nini, na kwa nini mwanangu ana alama mbili za somo moja?

AP, kwa kirefu Advanced Placement, ni masomo ya hai skuli yanayofundishwa kwa kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo. Yako takriban 40, kuanzia Baiolojia na Calculus hadi Historia ya Sanaa. Mwezi Mei, ndani ya wiki mbili, nchi nzima inafanya mitihani ya College Board, na matokeo hutoka Julai. Alama ya juu ni 5, ya chini ni 1.

Alama mbili ni hizi. Mwalimu wa darasa anatoa A, B au C kwa kazi ya mwaka mzima. Hiyo inaingia kwenye transkripti, yaani rekodi ya alama za shule, na kwenye GPA, yaani wastani wa alama hizo. College Board inatoa ile 1 hadi 5 ya mtihani wa Mei. Hazifungamani. Nimeona A ya darasani ikiandamana na 2 ya mtihani, na nimemwona binti aliyeilia C ya Historia akafungua matokeo Julai akakuta 4.

Transkripti kwa kawaida huonyesha alama ya darasa tu. Zipo shule zinazobandika na alama ya mtihani, na hapo mpango wowote wa kuchagua cha kutaja na cha kuacha unakufa. Mwombeni kaunsela nakala ya transkripti, muitazame kwa macho yenu kabla ya kujaza lolote.

Ni lazima kutaja alama za AP?

Kwa vyuo vingi, hapana. Fomu inakuuliza kama unataka, nawe unajibu.

Mfano wa chuo chenye masharti yake ni Yale. Februari 2024 kilitangaza kwamba mwombaji alete matokeo ya mtihani wa aina mojawapo kati ya nne: SAT au ACT (mitihani ya jumla ya kuombea chuo), AP, au IB (mitihani ya mtaala wa kimataifa). Anayechagua kupita kwa mlango wa AP anatakiwa ataje mitihani yote ya AP aliyokwisha kufanya, mizuri na mibaya. Hakuna kuchambua kama mchele. Harvard nao, walipoirudisha SAT na ACT mwaka huohuo, walisema kwamba mwombaji asiye na namna ya kuifanya mitihani hiyo anaweza kuleta AP au mitihani mingine badala yake. Kwa hiyo yule anayekwambia "AP ni hiari kila mahali" anakupotosha, na anayesema ni lazima kila mahali naye pia. Fungua ukurasa wa udahili wa chuo chenyewe, wa mwaka huu, si ule ambao dada yako aliusoma miaka mitatu iliyopita.

Zinajazwa wapi hasa?

Kwenye Common App, inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, kuna sehemu ya mitihani ndani ya kurasa zako za jumla. Swali la kwanza ni kama unataka kujaza alama mwenyewe. Ukijibu ndiyo, inafunguka orodha: SAT, ACT, AP, IB, TOEFL, IELTS na nyingine. Unachagua AP. Kisha unaulizwa unataka kutaja mitihani mingapi, pamoja na ile unayotarajia kufanya.

Simameni kwenye swali hilo la idadi. Halikuulizi umefanya mitihani mingapi. Linakuuliza unataka kutaja mingapi. Kijana mmoja alikuwa na mitihani minne mkononi, akaandika 4 kwa sababu "ndiyo ukweli", ukurasa ukamfungulia nafasi nne, akajaza zote, hata ile 1 ya Fizikia. Kuandika 3 kusingekuwa uongo.

Kwa kila mtihani unaweka tarehe, somo na alama. Tarehe ni ya Mei ulipofanya mtihani. Julai uliyopata matokeo haihusiki.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ukishatuma maombi kwa chuo kimoja, bado unaweza kurudi kubadilisha sehemu hii kabla ya kutuma kwa chuo kingine. Chuo A kione alama zako, chuo B kisizione. Kile kilichokwisha kutumwa tu ndicho hakibadiliki.

Vyuo Vikuu vya California, ile familia ya Berkeley, UCLA na ndugu zao, vina fomu yao wenyewe, nayo pia ina sehemu ya AP.

Mwanangu amepata 2 ya Kemia. Tuifiche?

Neno "kuficha" naliondoa kwanza. Pale fomu inapokupa hiari, kunyamaza ni haki yako, wala si hila. Mama mmoja, mcha Mungu kweli, alikataa katakata. Kwake kuacha alama nje kulikuwa sawa na kusema uongo. Tulikaa naye nusu saa. Nilimwonyesha maneno ya fomu, akayasoma polepole, akasema, "Kumbe hawajauliza." Hawajauliza, mama.

Kwa desturi, 4 na 5 huandikwa na 1 na 2 huachwa. Sababu ni kwamba msomaji wa maombi tayari ameona darasa la AP kwenye transkripti na ameona kijana alipata B. Hiyo peke yake inasema kijana alithubutu kuchukua somo gumu. Ile 2 haimwongezei kitu msomaji zaidi ya shaka.

Lakini kuna hali zinazobadilisha hesabu. Kwanza, chuo kinachotaka zote: andika zote. Pili, transkripti inayoonyesha alama za mtihani: ziandike tu, maana ukinyamaza utaonekana unakwepa kitu kilicho mezani. Tatu, California: vyuo hivyo vimeandika wazi kwamba alama za AP za chini hazimharibii mwombaji nafasi yake. Huko sioni sababu ya kukosa usingizi.

Na 3 je?

Hili ndilo swali gumu kuliko lile la 2, na nitajibu kama ninavyojibu mezani: inategemea unaomba wapi na unaomba kusoma nini.

Kwa maneno ya College Board yenyewe, 3 maana yake mtahiniwa anafaa kwa kazi ya chuo katika somo hilo. Si kufeli. Kwenye vyuo vya umma vya majimbo mengi 3 inaheshimiwa, na tutaona chini kwamba huleta hata krediti, yaani pointi za masomo ya chuo. Kijana anayeomba chuo cha jimbo, na shule yake ina masomo machache ya AP, aiandike 3 yake bila kusita. Ndiyo, hata kama binamu yake ana 5.

Ukiomba vyuo vile vinavyopokea waombaji wachache kati ya mia, mezani kwao 4 na 5 zimejaa. Hapo 3 ya somo lililo mbali na fani yako haikusaidii wala haikuumizi sana, na mimi huiacha. Ila 3 ya Calculus kwa anayeomba uhandisi ningeifikiria mara mbili. Ukiwa umefanya Calculus BC, ile ndefu inayobeba pia Calculus AB, kumbuka ripoti ina alama ndogo ya ndani ya sehemu ya AB. Mtu anaweza kuwa na 3 ya BC na 4 ya AB.

Mitihani pia haifanani kwa ugumu. Kwa miaka mingi Physics 1 ilikuwa miongoni mwa ile ambayo wachache sana walipata 5. Wasomaji wa maombi wanalijua hilo.

Alisoma darasa la AP ila hakufanya mtihani. Wataona nini?

Wataona darasa bila alama ya mtihani. Haliwezi kumwangusha peke yake, maana mitihani inalipiwa na vyuo vinajua si kila nyumba ina pesa hizo. Kama sababu ilikuwa pesa, au kijana alikuwa kazini, au kulikuwa na msiba, kaunsela anaweza kuitaja kwenye barua yake kwa mstari mmoja. Yeye ndiye msemaji mzuri wa jambo hilo kuliko mwanafunzi.

Mtihani ni bei gani?

Mwaka 2025 ulikuwa dola 99 kwa kila somo ndani ya Marekani, na ulikuwa ghali zaidi nje. Familia yenye kipato kidogo hupunguziwa dola 37 na College Board, na yako majimbo na shule zinazolipia kiasi kilichobaki, hata kote. Muulizeni mratibu wa AP shuleni. Msisubiri Mei: kujiandikisha kunafungwa katikati ya Novemba, na baada ya hapo kuna faini ya dola 40. Kila mwaka huja mzazi Aprili na pesa taslimu mkononi, na inabidi nimwambie siku imepita.

Yuko gredi ya 12. Mitihani ya Mei hii itamsaidia kuingia chuo?

Hapana. Hesabu tarehe. Maombi ya mapema yanafungwa Novemba, ya kawaida mengi Januari. Majibu hutoka hadi mwisho wa Machi. Siku ya kuchagua chuo kwa kawaida ni 1 Mei. Mtihani unaanza Mei, matokeo Julai. Alama zinazoweza kumsaidia kuingia ni za gredi ya 11 na nyuma yake.

Kwenye fomu anaweza kuiandika mitihani ya gredi ya 12 kama anayotarajia, na hiyo inaonyesha hajalegeza kamba. Kuna wanaoogopa kwamba wakipata 1 mwezi Julai chuo kitawanyang'anya nafasi. Mtihani wa AP haufanyi hivyo. Kinachoweza kuleta barua mbaya ni alama za darasani kuporomoka, A zikageuka D mwaka wa mwisho. Kwa hiyo kijana anayeamua kuacha kuhudhuria darasa kwa sababu "mtihani hauhesabiki" amekamata mkia wa nyoka akidhani ni kamba.

Inabaki sababu nzuri ya kufanya mtihani huo: krediti.

Tutume alama rasmi kwa vyuo vyote wakati wa kuomba?

Naomba msifanye hivyo kabla ya kusoma. Dada mmoja, mfanyakazi wa usiku kwenye ghala, alikuja kwetu Oktoba akiwa na furaha kwamba amemaliza kila kitu. Alikuwa ametuma ripoti rasmi za AP za mwanawe kwa vyuo vinane. Kila ripoti dola 15. Dola 120, zamu nzima ya usiku. Tulifungua kurasa za vyuo vile vinane moja baada ya nyingine. Vyote vilikuwa vinakubali alama zilizojazwa na mwanafunzi mwenyewe, na vilitaka ripoti rasmi kutoka kwa wale tu watakaopokelewa na kuamua kwenda. Kijana akaenda chuo kimoja. Dola 105 zilikwenda na maji.

Utaratibu wenye nafuu ni huu. Kila mwaka unaofanya mtihani, College Board inakupa ripoti moja ya bure, mradi uchague chuo cha kupelekewa kabla ya 20 Juni kupita. Kwa mwanafunzi wa gredi ya 12 hiyo ni zawadi: Mei ameshachagua chuo, anaingia kwenye akaunti yake, anakiandika, na alama zake zote za miaka yote zinakwenda pamoja Julai. Amelipa sifuri.

Kwa mwanafunzi wa gredi ya 10 au 11, ripoti ya bure inahitaji kufikiri. Hujui utapata nini, na ripoti itakwenda kabla hujaona alama zako. Mimi huwaambia waiache, isipokuwa kwa chuo cha jimbo ambacho wana uhakika nacho.

Ripoti rasmi inaonyesha kila kitu? Hata zile mbaya?

Ndiyo, ripoti huchukua historia yako yote ya AP. Hata ukirudia mtihani mwaka unaofuata ukapata 5, ile 2 ya zamani inasafiri nayo.

Kuna njia mbili za kuzuia. Unaweza kuzuia alama fulani isiende kwa chuo fulani, kwa dola 10 kwa kila alama na kila chuo. Alama inabaki kwenye kumbukumbu zako na unaweza kuifungulia baadaye. Au unaweza kuifuta kabisa, bure, lakini ikifutwa haifufuki. Ukitaka zuio liwahi ripoti ya bure ya mwaka huo, ombi lifike kabla ya 15 Juni kupita, yaani kabla hujaona matokeo. Unazuia kitu usichokijua.

Ukiniuliza mimi, pesa hizo nunua chakula. Ripoti rasmi inafika ukiwa umeshapokelewa, na aliye mezani wakati huo ni ofisi ya usajili inayotafuta 3, 4 na 5 za kukupa krediti. Ile 2 anaipita tu. Na kufuta? Sijawahi kumshauri mtu afute.

Krediti zinafanyaje kazi? Tunasikia mtu alimaliza chuo mwaka mmoja mapema.

Inawezekana. Mwanafunzi wa muda wote huchukua krediti 30 hivi kwa mwaka, na darasa moja la kawaida ni 3 au 4. Mwenye mitihani saba au minane iliyopita vizuri, kwenye chuo chenye moyo mkunjufu, anaingia akiwa amebeba mzigo wa karibu mwaka. Kwa nyumba inayolipa karo kwa mshahara wa ghalani au wa kuhudumia wazee, hapa ndipo AP inapogeuka pesa, kuliko kwenye udahili.

Majimbo kadhaa yana sheria. Ohio na Illinois zinataka vyuo vyao vya umma vitoe krediti kuanzia 3. Hapa Texas sheria nayo inaanzia 3 kwa masomo ya miaka ya mwanzo, ila chuo kinaweza kudai zaidi kikiwa na ushahidi kwamba somo hilo linahitaji zaidi. Angalieni pia krediti ni ya nini. Chuo kinaweza kukupa krediti za Baiolojia ambazo ni za kujaza hesabu tu, huku fani yako ikikutaka ulisome somo lao wenyewe.

Upande wa pili wako wagumu. Brown haihesabu AP kwenye masomo ya kukamilisha digrii. Dartmouth iliacha kutoa krediti za AP kwa wanaoanza 2014. Wote wawili bado huzitumia kukuruhusu uanze somo la juu zaidi.

Anayetaka udaktari apunguze haraka. Baadhi ya shule za udaktari hazipokei krediti za AP badala ya Kemia au Baiolojia ya chuoni. Nimemwona kijana aliyeruka Kemia ya mwaka wa kwanza kwa 4 yake, akaingia moja kwa moja kwenye Kemia ya kaboni, na muhula ule sikumwona tena kanisani.

Mwisho, kuna vyuo ambavyo krediti haiandikwi yenyewe hata ripoti ikifika. Lazima uingie kwenye mfumo wao uidai, na wakati mwingine ni busara kuongea na mshauri wa masomo kabla ya kuidai.

Kiswahili kipo kwenye AP?

Hakipo. Lugha zilizopo ni Kihispania, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kichina, Kijapani na Kilatini. Inauma, lakini msiondoke bado.

Kifaransa kipo, na kuna watoto wetu wengi wanaokitembeza bure. Wakongo waliosomea kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, walifundishwa kwa mtaala wa Kongo, yaani kwa Kifaransa. Kijana kama huyo anafika hapa gredi ya 9 au 10, anawekwa kwenye darasa la Kiingereza cha wageni, na kwa miaka miwili hakuna anayemuuliza anajua nini kingine. Mtihani wa AP hauhitaji uwe umesoma darasa lake. Unahitaji mratibu wa AP akuandikishe kabla ya katikati ya Novemba. Shule yenu ikiwa haina mtihani huo, ulizeni kama shule jirani itampokea siku ile.

Asidharau lakini. Kukisema Kifaransa nyumbani hakutoshi. Kuna kujibu barua pepe, kuna insha inayojengwa juu ya makala, jedwali na sauti, kuna mazungumzo na mashine ambapo kila jibu lina sekunde 20, na kuna hotuba ya dakika mbili ya kulinganisha utamaduni wa mahali panapotumia Kifaransa na wa kwako. Hapo kwenye hotuba vijana wetu hung'ara. Mmoja alieleza matanga ya Bukavu na mazishi ya Texas, dakika mbili zikaisha akiwa bado ana maneno. Kwenye kuandika ndiko wanakoanguka, alama za juu ya herufi na upatanisho wa vitenzi. Miezi mitatu ya mazoezi inasaidia.

Kwa Kiswahili chenyewe, ulizeni shuleni kuhusu Seal of Biliteracy, tuzo ya umahiri wa lugha mbili inayowekwa kwenye cheti cha hai skuli. Ilianza California mwaka 2011 na sasa imeenea majimbo mengi. Ikipatikana, mahali pake kwenye maombi ni kwenye orodha ya tuzo.

Jina kwenye akaunti ya College Board si lile la kwenye fomu. Kuna tatizo?

Lipo, na ndilo linalotukuta sisi kuliko wengine. Mtoto ana majina matatu. Kwenye karatasi za ukimbizi la mwisho liliandikwa la kwanza. Shule ikafuata karatasi, kijana akafungua akaunti kwa jina analoitwa na wenzake, na Common App ikajazwa kwa jina la pasipoti. Ongeza tarehe ya kuzaliwa: wengi wetu tuliandikiwa 1 Januari, kwa hiyo hata tarehe haisaidii kumtofautisha mtu na mwenzake.

Matokeo yake ni akaunti mbili. Mitihani ya gredi ya 10 iko huku, ya 11 iko kule, na ripoti inayotumwa ni nusu. Ukiona mtihani umekosekana kwenye orodha yako, usiulipie tena: wapigie College Board waziunganishe. Kisha chagueni mpangilio mmoja wa majina, ule ulio kwenye kitambulisho, na muufuate kila mahali.

Jambo dogo linaloumiza kuliko yote: barua pepe. Vijana hufungua akaunti kwa barua pepe ya shule. Wakishahitimu shule inaifunga. Julai matokeo yanatoka, neno la siri limesahauliwa, na kiungo cha kulibadilisha kinapelekwa kwenye sanduku lililokufa. Badilisheni kabla ya Mei, wekeni barua pepe yake binafsi.

Mpwa wangu yuko Kenya, hakuna AP shuleni kwake. Ataonekana dhaifu?

Hapana. Vyuo vya Marekani humpima mtu kwa kile shule yake ilichokuwa nacho. Huko AP ziko kwenye shule chache za kimataifa. Mwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, au mwenye matokeo ya kidato cha sita Tanzania, ana sehemu yake kwenye Common App: mitihani ya kuhitimu sekondari. Anaijaza hapo. Asikimbilie kulipia AP ili afanane na wa huku. Nguvu hizo azipeleke kwenye SAT kama chuo chake kinaitaka, na aulize ofisi za EducationUSA za Nairobi au Dar es Salaam, ambazo ushauri wake ni bure.

Tukiongeza alama moja tu, nani atajua?

Ripoti rasmi itajua. Chuo kikilinganisha na ulichojaza, kinaweza kufuta nafasi hata mabegi yakiwa yameshafungwa. Kama uliandika 4 kwa bahati mbaya badala ya 3, waandikie ofisi ya udahili leo, mistari miwili. Makosa ya namna hiyo wanayaona kila siku.

AP Scholar ni nini, na inaandikwa wapi?

Ni tuzo ya College Board. Ukipata 3 au zaidi kwenye mitihani mitatu unaipata yenyewe, na ziko ngazi za juu zaidi. Andika kwenye tuzo kama una nafasi. Sehemu hiyo ina mistari mitano tu, na kama kijana ana kitu chake halisi, kombe la mbio au tuzo ya kwaya, AP Scholar impishe. Alama zenyewe zimeshaonekana.

Tumetuma rasmi, lakini chuo kinasema hakijaona. Tufanye nini?

Subirini wiki moja hadi mbili kwanza, hasa Julai ambapo kila mtu anatuma. Kisha ingieni kwenye akaunti ya College Board, mtazame tarehe ya kutumwa na namba ya chuo iliyochaguliwa. Majina ya vyuo yanafanana. Nimeona ripoti ikienda kampasi nyingine ya chuo hichohicho, maili mia mbili kutoka pale ilipotakiwa. Namba ikiwa sawa, basi ni jina au tarehe ya kuzaliwa. Pigeni simu ofisi ya usajili, mkiwa na namba ya mwanafunzi mkononi, muombe waitafute ripoti kwa jina la mwisho peke yake, halafu kwa jina la kwanza kama la mwisho. Mara nyingi inakuwa imekaa pale siku zote, chini ya jina la baba.